Deni Langu na Bajeti ya Taifa

Mkulima wa huku kwetu Qurus ana hofu zake tatu: mvua kuchelewa, bei kuanguka, na kikao cha VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, siku ya kufunga hesabu. Ya tatu mara nyingi huzaliwa na ya pili.

Yangu ilizaliwa hivyo. Katikati ya 2017 nilikopa laki moja kuwalipa vibarua wa kuvuna mbaazi. Agosti mwaka huohuo India, mnunuzi wetu mkubwa, ikaweka ukomo wa mbaazi inazoingiza, na bei huku kwetu ikaporomoka. Mbaazi tukazila wenyewe, asubuhi na jioni, na deni likakaa mwaka mzima. Katiba ya kikundi haina huruma: riba ni asilimia 10 kwa mwezi, na isiyolipwa inajumlishwa kwenye deni, nayo inaanza kuzaa.

Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo zake zipo kwa watu watatu tofauti, kama ilivyo desturi ya vikundi hivi, ambavyo mfumo wake ulianzia Niger mwaka 1991. Mwaka 2018, siku ya kufunga hesabu, tukaongezewa laptopu. Hiyo haikuwa na kufuli. Ilikuwa na kijana aliyetoka chuo, ambaye alimwambia mwekahazina wetu, “Shikamoo bibi, leo daftari lipumzike. Kuna POWER.”

“Marahaba mwanangu,” akajibu bibi, akalifungua daftari hivyo hivyo.

Kijana akatueleza kwamba POWER, fomula ya jedwali la hesabu kwenye kompyuta, inataka vitu viwili tu: namba inayokuzwa, kisha kipeo chake. Asiyetaka kuandika neno zima anaweza kutumia alama ya ^ iliyo juu ya 6. Akaandika =100000*(1+10%^12), akabonyeza Enter. Jibu: 100,000. Mwaka mzima, riba sifuri! Nilisimama nikaisifu teknolojia, nikapendekeza kijana apigiwe makofi. Bibi akauliza, bila kuinua kichwa, “Na riba ya watu imeenda wapi?” Kumbe kompyuta ilikuza kwanza ile asilimia 10 peke yake mara 12, ikapata kitu kidogo kuliko chawa, ndipo ikajumlisha 1. Mabano yalikaa mahali pasipo pake.

Kijana akafuta, akarudi kwenye POWER yenyewe, safari hii akitanguliza 12 na kumalizia na 1.1. Deni likaruka hadi zaidi ya milioni moja na nusu. Makofi yakakoma. Mwenyekiti akaniuliza kwa upole kama bado nina yule ng'ombe.

Mara ya tatu akapanga vizuri, ila badala ya 10% akaandika 10.  Ikatokea 3.13843E+17.

“Hiyo E ni ya nini?” akauliza mzee mmoja, akiwaza majina ya huku kwetu. “Eyasi au Endabash?”

Maana yake ni kwamba hiyo 3.13843 izidishwe kwa 1 yenye sifuri 17 nyuma yake. Nilikuwa nadaiwa zaidi ya shilingi trilioni 313,000. Juni ile Bunge lilikuwa limesomewa bajeti ya 2018/19, karibu trilioni 32.5. Serikali nzima, pamoja na reli na mabwawa yake, ingekusanya kwa zaidi ya miaka 9,000 ndipo inilipie mbaazi. Kikao kikacheka mpaka mtu akaanguka kutoka kwenye benchi. Kompyuta haikucheka. Haina habari kwamba Qurus hakuna mtu wa kudaiwa trilioni. Ukiipa upuuzi, inaukuza kwa uaminifu.

Bibi alikuwa amefika mstari wa mwisho wa daftari: 110,000, 121,000, 133,100, mwezi kwa mwezi, hadi 313,843. Kijana akaandika =100000*POWER(1+10%,12). Ikatoka 313,842.84. Wakapeana mikono, kila mmoja akiamini mwenzake ndiye aliyepatia.

Hapo kicheko changu kikaisha. Majibu matatu ya uongo yalikuwa yamenichezea kwa zamu. La kweli ndilo lililoniuma, maana trilioni hakuna atakayekuja kuzidai, lakini laki tatu na ushee zilidaiwa siku ileile. Laki moja ilikuwa imejizidisha zaidi ya mara tatu nikiwa nimelala.

Basi, ndugu msomaji, kabla hujaikabidhi POWER deni la mtu, ijaribu kwa miezi miwili. Laki moja ikitoka 121,000, endelea. Ikitoka kingine, mwite bibi mwenye daftari. Na deni lako lilipe mapema, kabla kipeo hakijapanda.