Risala kwa Mheshimiwa Donge la Rangi ya Tope

Mheshimiwa mgeni rasmi, itifaki imezingatiwa.

Sisi tunaosokota hereni na shanga za udongo wa polima hapa Akheri tunayo heshima kukukaribisha kwenye meza ambayo, kusema kweli, umeikalia siku zote bila kualikwa. Wageni wengine hupelekewa kadi na kutumiwa nauli. Wewe huja mwenyewe. Kazi ikiisha hubaki ncha ya nyekundu, ukanda wa bluu, na kijipande cha njano kilichoponea pembeni mwa kikatio. Tunavifinya pamoja ili meza ionekane safi, na tukifumbua kiganja tunakukuta umeshawasili, umevaa suti yako ileile ya kahawia.

Mheshimiwa, ukoo wako si wa kuchezea, ingawa ndiyo kazi yake. William Harbutt, mwalimu wa sanaa wa mji wa Bath, Uingereza, alipobuni Plasticine mwaka 1897, udongo wake wa kwanza ulikuwa wa kijivu. Rangi zilifuata. Kwa hiyo watoto wetu wa chekechea, wanaopewa boksi la rangi sita muhula unapofunguliwa na kubaki na donge moja kabla hata michango ya uji haijakamilika, wasilaumiwe. Wanarudisha kitu kwenye asili yake. Tawi lako la polima lilichipukia Ujerumani kwa Sophie Rehbinder-Kruse, aliyeitwa Fifi, binti wa mtengeneza wanasesere Käthe Kruse. Mwaka 1964 udongo wake ulichukuliwa na kampuni ya Eberhard Faber ukaitwa Fimo. Ni unga wa PVC, ndugu kabisa wa bomba la maji, uliolainishwa na kutiwa rangi. Hubaki laini hadi uingie ovenini.

Sasa mafanikio yako, kwa ufupi, maana najua una ratiba.

Kwanza, wewe pekee hununuliwi. Rangi zote zinaagizwa kutoka mbali na bei yake humfanya mtu akae chini kwanza. Wewe unapatikana bure, kwa wingi, na hujawahi kuadimika sokoni.

Pili, unatunza siri. Kiangazi cha Akheri, gari moja likipita barabara ya vumbi, nyeupe yetu yote inageuka ushahidi: hapa nywele, pale uzi wa sweta, kule unga mweusi wa Mlima Meru wenyewe. Nyeupe ni mmbea, hufichua kila kitu ulichogusa tangu asubuhi. Wewe umemeza vumbi, unyoya wa kuku na nadhani hata ukwaju, na sura yako haijabadilika.

Tatu, ovenini huna wasiwasi. Kwa kawaida udongo huu huiva kati ya nyuzi 110 na 135 za Selsiasi, kutegemea kampuni. Ukizidishiwa moto mno huungua na kutoa moshi wa kuwasha macho. Hata kabla ya kufika huko, nyeupe na waridi huanza kupata rangi ya chapati. Wewe hata ukibabuka kidogo, nani atajua?

Pamoja na mafanikio hayo, mheshimiwa, zipo changamoto. Kubwa ni kwamba wapo watu wanaokuhujumu, na nimeona ni vema nikutajie mbinu zao ili ujihadhari.

Wamegundua kwamba wewe hutokani na wingi wa rangi. Hutokana na rangi zisizopaswa kukutana. Nyekundu hunyonya kijani kutoka kwenye mwanga, kijani hunyonya nyekundu. Ukizisokota pamoja hakuna kinachosalimika kurudi machoni. Ndivyo ilivyo pia kwa bluu na chungwa, na kwa zambarau na njano. Pale mteremkoni kahawa iliyoiva na jani la mgomba hukaa bega kwa bega msimu wote zikipendezana, kwa sababu hakuna anayezikanda.

Ushahidi mzuri ni hereni za bendera ya Tanzania, zile za siku ya Uhuru, 9 Desemba. Masalia yake ni kijani, njano, nyeusi na bluu. Yasokote yote: bluu na njano huzaa kijani, ambayo tayari ni mwenyeji, na nyeusi huitia kiza tu. Unapata kijani cha jeshi, rangi ya heshima kabisa, nawe hukuzaliwa. Hakuna nyekundu mle. Lakini mtu akitengeneza hereni za bendera ya Kenya, yenye nyekundu na kijani, akafinya masalia yake, utafika kabla hajanawa mikono. (Majirani wasikasirike. Hili ni suala la mwanga, si la Namanga.)

Basi hao wahujumu huweka makopo mawili ya siagi yaliyokwisha: moja la nyekundu, chungwa na njano, jingine la bluu na kijani. Zambarau hupokelewa kwenye kopo la bluu, mbali na njano. Nyeupe ina kopo lake na haikopeshwi. Huanza kukanda rangi nyeupe, kisha njano, nyekundu baadaye, na nyeusi ya mwisho kabisa, na kati ya rangi na rangi hufuta vidole kwa tishu za maji za watoto wachanga. Wengine husokota masalia mara chache wakaacha mistari ikiwa bado inaonekana, wakaita marumaru na kupandisha bei. Wapo pia wanaokulainisha kwa nyeupe hadi uwe kahawa ya maziwa, na wale wakatili wanaokuzamisha katika nyeusi hadi jina lako lifutike.

Mimi naona wote wanakuonea. Kazi yako halisi iko ndani. Ushanga mnene hauhitaji kuwa bluu hadi kwenye kiini. Bluu ni ghali mno kukaa mahali pasipoonekana. Donge lako huviringwa, hufunikwa kwa ganda jembamba lililosukumwa kwa kifimbo cha chapati, kisha hutobolewa kwa kijiti. Mnunuzi wa Tengeru siku ya gulio ataona bluu tupu. Akichungulia tunduni atakuona, ila wanunuzi wa Tengeru huchungulia bei.

Mheshimiwa mgeni rasmi, kwa desturi yetu tungekuomba sasa usimame ukate utepe. Leo, kwa heshima na taadhima, tunaomba ukatwe wewe. Wembe huu hapa, na oveni imeshapata moto.