Wadudu wa Baba Neema Hawajala

Mama mkwe aliingia kwangu saa tatu asubuhi. Chai aliinywa saa sita kasorobo. Katikati hapo nilimhutubia.

Ni Jumamosi iliyopita tu, hapa Hirbadaw, na baridi ya Julai ile inayoshuka kutoka Mlima Hanang na kupenya ndani ya koti kana kwamba humo kuna mtu inayemdai. Mama alitoka Dongobesh kwa bodaboda, kajifunika mablanketi mawili, kuja kuushuhudia mtambo wa bayogesi niliomsimulia kwenye simu tangu ukiwa shimo. Nikampeleka moja kwa moja jikoni. Kuta nyeupe, hakuna hata alama ya masizi. "Kaa hapa, mama, uone mavi ya ng'ombe yanavyochemsha chai." Nikafungua koki, nikawasha njiti. Moto ukatoka wa bluu, ukayumba kama mlevi anayetafuta mlango wake, ukakohoa mara mbili, ukazimika. Njiti ya pili, vivyo hivyo. Kufikia ya tisa, mama alikuwa ameanza kunitazama kwa ile huruma ambayo mkwe huiogopa kuliko matusi.

"Ni baridi, mama," nikasema. "Wadudu wamelala."

"Wadudu gani, Baba Neema?"

Ningenyamaza hapo, leo ningekuwa mtu na heshima zangu.

Lakini mtu akiniuliza habari za ule mtambo sijiwezi. Nikamtoa nje. Chini ya ardhi, nikamwambia, kuna kuba la matofali na saruji, umbo la chungu kilichofunikwa. Mitambo ya namna hii ilienezwa huku kaskazini tangu miaka ya 1980 na kituo cha CAMARTEC cha Arusha kikishirikiana na Wajerumani, na ujanja wake ni kwamba hauna kitu kinachozunguka. Hakuna pampu, hakuna mota. Asubuhi unakoroga ndoo mbili za mavi na ndoo mbili za maji, unaachia, uji unateremka tumboni. Humo gizani, pasipo hewa, wanaishi vijidudu waliotoka tumboni mwa ng'ombe wenyewe. Kundi moja linameng'enya mabaki ya majani mpaka yanakuwa asidi. Kundi lingine linaila ile asidi na kutoa methani. Gesi inapanda juu ya kuba, inakosa pa kutokea, inaukandamiza uji mpaka unapanda kwenye shimo la upande wa pili. Ukifungua koki jikoni, uji ule uliopandishwa unateremka kwa uzito wake na kuisukuma gesi hadi jikoni. Yaani kinachosukuma moto wako ni mavi yanayotaka kurudi nyumbani! Nikiliwaza hilo usiku, usingizi unaniruka. Sasa, raha ya wadudu hao ni joto la nyuzi 35. Likishuka chini ya 15 wanajikunyata, kazi inadorora. Na Hirbadaw ya Julai mnaijua.

"Kwa hiyo hawajala?" akauliza mama.

"Wamekula. Hawana hamu ya kazi."

"Mwenye baridi hupewa kitu cha moto."

Nikaona ana hoja, ila hayo maji ya moto ningeyachemshia wapi? Nikaamua kuwaongezea ndoo mbili za uji wa baridi hivyo hivyo, nami nimevaa shati jeupe la kupokelea wakwe. Ya pili iliniponyoka. Naomba tusonge mbele.

Nikarudi jikoni nanuka, nikauchomoa mpira wa jiko, nikauelekeza nje ya dirisha ili bomba lipumue. Likakoroma kama mzee aliyelala chali, likatoa harufu ya yai viza. Methani ikichomwa hugeuka hewa ukaa na mvuke wa maji, na hewa ukaa hiyo ni ile ile ambayo majani yaliifyonza angani kabla ng'ombe hajayala, kwa hiyo hapo hakuna deni. Ikiachiwa mbichi, kila kilo yake, kwa hesabu ya miaka 100, inaipasha dunia joto kama kilo 28 hivi za hewa ukaa. Mimi niliyejenga mtambo ili kuiokoa anga nilikuwa naipigia ushuzi mbele ya mama mkwe. Ng'ombe wangu wanne walikuwa wakitazama. Wao angalau methani yao nyingi huitoa mdomoni, kwa mbweu, kistaarabu.

Nilipogeuka, mama hayupo. Yuko nyuma ya zizi, kapanga mawe matatu, kachochea magunzi na vijiti vya ua wangu, sufuria imeanza kunong'ona. Nikamweleza kwamba kwenye mafiga ya wazi, joto linalofika kwenye sufuria ni kama sehemu moja tu kati ya saba hadi kumi, na lililobaki linapasha upepo.

"Upepo nao una baridi," akasema, akanipa kikombe.

Jioni, mama ameshaondoka, nikampigia fundi.

"Kipimo kinasomaje?"

Nikaenda kutazama. Mshale umegota mwisho.

"Basi gesi imejaa, usiwasingizie wadudu. Maji ya bomba umeyatoa lini?"

"Maji gani?"

Akanyamaza kidogo. "Kile kikoki nilichokuonyesha siku ya kukabidhi. Ukasema umeelewa."

Kumbe gesi hutoka tumboni na mvuke wake. Ikipita kwenye bomba lililolala kwenye udongo wa baridi, mvuke unageuka matone, kama jasho la mfuniko wa sufuria, na matone yanakusanyika pale bomba lilipobonyea mpaka linaziba. Nikafukua majani, nikakikuta kikoki, nikakifungua. Yakatoka maji yasiyojaza kikombe cha chai. Moto ukawaka imara mpaka saa nne usiku, bila mgeni wa kuuona.

Uzembe ni wangu, nakubali. Ila mwaka 2024 ulizinduliwa mkakati wa nishati safi ya kupikia, kwamba ifikapo 2034 Watanzania asilimia 80 wawe wanaitumia, na Mei mwaka huo huo, Paris, Rais Samia akiwa miongoni mwa wenyeviti wa mkutano wa nishati hiyo, zikaahidiwa dola bilioni 2.2. Naitaka hiyo asilimia 80, na mimi niwemo. Lakini hewa ukaa ya Mtanzania mmoja itokanayo na mafuta, gesi na makaa ya mawe haifiki kwa wastani nusu tani kwa mwaka. Ya Mmarekani inapita tani 13. Halafu mwenye mafiga matatu ndiye anayeonyeshwa picha ya dunia inayoungua! Mtungi wa gesi wa kilo sita ninao pia. Gesi iliisha, na kuujaza ni bei ya gesi pamoja na nauli ya Katesh kwenda na kurudi, kwa hiyo sasa unazuia mlango usibamizwe na upepo. Na Jumamosi ile, nilipokuwa nahutubia, vijiti vya ua vilipokwisha, aliyetoka kwenda kutafuta kuni kwenye baridi ni mke wangu. Hakuna aliyemtuma. Na mimi niliyekuwa na hesabu zote za joto sikuona alipoondoka.

Njia nyingine nazo nimezijaribu. Jagi la umeme nililonunua Babati lilizima sola ya nyumba nzima kwa ajili ya maji ya uvuguvugu. Jiko la maranda silisemi. Kuku mpaka leo wanalikwepa.

Jana Neema kaniletea simu mbio. "Baba, bibi anauliza wadudu wamekula?"

Mwambie wamekula, wameshiba, wanamsalimu.

Akasikiliza, akacheka. "Anasema Jumamosi anakuja tena. Anakuja na kuni zake."