Sifa za Monita ya Chogo Inayolia

Monita ya chogo ni kioo cha kompyuta kinachokaa mbele ya chupa nene isiyo na hewa, kitukuu cha ile aliyoibuni Mjerumani Karl Ferdinand Braun mwaka 1897. Ya inchi 17 hufikia kilo 15 na zaidi, humeza nusu ya meza, na hugawa joto bure hata Dar es Salaam mwezi Februari. Katika ukoo huo mtukufu, inayostahili heshima ya juu ni kuukuu inayopiga kelele. Kioo bapa hufa kama mpangaji anayehama usiku bila kulipa kodi. Ya chogo huugua hadharani, na huonyesha panapouma.

Kelele zake zina maana tofauti. Lile "dum" la wakati wa kuwashwa si ugonjwa; ni koili iliyokizunguka kioo inayofuta usumaku ili rangi zisichafuke. Mruzi mwembamba ni habari nyingine. Televisheni ya chogo huchora mistari 15,625 kwa sekunde, na transfoma yake ya flaibeki, ile inayokuza umeme wa chupa, hutetemeka kwa kasi hiyohiyo. Watoto huusikia mruzi huo, babu hausikii. Ndiyo maana mtoto aliyepita uchochoroni aliweza kujua kwamba kwa jirani TV inawaka hata sauti ikiwa imezimwa. Monita ya kompyuta huchora mistari 31,000 na zaidi, kasi isiyofikiwa na sikio la binadamu. Kwa hiyo monita inayosikika imejishusha kwa makusudi ya kuwasiliana: mara nyingi kapasita za sehemu ya umeme zimekauka, au koili fulani imelegea. Mlio wa "tss, tss" ni umeme mkali unaoruka penye vumbi na unyevu, na watu wa pwani, kwa hisani ya upepo wa chumvi, huusikia sana.

Tiba ya kwanza ni kofi la ubavuni. Waliosoma hulicheka, ingawa ni kipimo halali. Flaibeki ni nzito, hupata moto na kupoa kila siku, na risasi inayoshika miguu yake kwenye bodi hupasuka kwa pete nyembamba kama unywele. Kofi hukutanisha waliotengana kwa dakika chache, na picha ikitulia fundi ameshajua kwamba pana ufa.

Kabla ya kufunguliwa, monita hudai adabu ambayo friji na pasi hazijawahi kuidai. Ndani yake hupita takriban volti 25,000, na chupa huweza kuutunza umeme huo hata baada ya plagi kuchomolewa. Fundi hufunga waya kwenye bisibisi yenye mpini wa plastiki usio na ufa, hubana upande wa pili kwenye waya mtupu unaokumbatia mgongo wa chupa, kisha huisukuma ncha taratibu chini ya kikombe cha mpira kinachoshika waya wa umeme huo kwenye chupa, hadi "pwa!" isikike. Mkono wa pili hukaa nyuma, kama wa mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu. Ambaye hajafundishwa kazi hii haigusi. Kapasita kubwa ya umeme wa ukutani nayo humwagwa, na shingo ya chupa haiguswi kwa pupa, kwani ikivunjika hakuna cha kutengeneza tena.

Ndani hukutwa vumbi jeusi laini kama masizi, mende wakavu, na pengine mayai mawili ya mjusi yaliyotagwa penye joto zuri. Brashi kavu ya rangi huviondoa vyote, mayai yakisindikizwa kwa pole. Miguu ya flaibeki huchomelewa upya. Kapasita zilizovimba hubadilishwa kwa zenye ujazo uleule na volti zisizopungua. Koili iliyolegea hunyamazishwa kwa vanishi; isipokuwepo, rangi ya kucha hutosha, na rangi nyekundu haina madhara. Flaibeki iliyopasuka ubavuni hubadilishwa tu, maana silikoni huahirisha msiba.

Mfuniko hurudishwa, swichi hubonyezwa, "dum" hulia mara moja, kisha kimya. Jioni hiyo ndipo wenye nyumba hugundua kwamba friji nayo inalia.