Habari ya Mtwara, nauli ya nani?

Jamani, mnaikumbuka habari ya kijiji cha Kitaya? Oktoba 2020 watu wenye silaha walivuka mto Ruvuma kutoka Cabo Delgado, Msumbiji, wakaua watu na kuchoma nyumba, na ghafla kila chumba cha habari Dar es Salaam kikataka kujua Kitaya iko wapi. Mambo kama hayo yakitokea, simu ya mhariri humtafuta kijana wa hapahapa Mtwara, yule tunayemwita mwandishi wa kujitegemea. Hana mshahara wala mkataba. Anaambiwa, "Kaka, wahi, tunataka picha."

Wahi na nini? Mmh! Hapo ndipo ninaposonya.

Kijana mmoja tunakunywa naye kahawa hapa Chikongola. Nimemwona akibembeleza bodaboda ampeleke Kilambo, mpakani, kwa mkopo, atalipa habari ikitoka. Huko karibu na mto simu hudaka mitandao ya Msumbiji, kwa hiyo akipata picha anarudi nyuma mpaka aone mtandao wa nyumbani, anasimama juani kuzituma moja moja. Kesho yake tukafungua gazeti. Habari yenyewe aya tatu, na juu yake imeandikwa "Na Mwandishi Wetu, Mtwara". Kijana akaifuata aya kwa kidole, akasema, "Hii ni yangu, hii ni yangu, hii sijui imetoka wapi." Mwenye bodaboda alikuwa kasimama pale anasubiri chake.

Malipo ni kwa habari iliyotoka. Isipotoka, kwa sababu Dodoma kuna kubwa zaidi au ukurasa umejaa matangazo, basi nauli, vocha na jua ni vyake mwenyewe. Na ikitoka, aombe Mungu wamkumbuke mwisho wa mwezi.

Watu hapa husema waandishi wanapenda bahasha. Sawa, wapo, na mimi siwatetei. Lakini tazameni inavyokwenda. Mwaka 2018 wakulima wa korosho walizikataa bei za mnada, na Novemba Rais Magufuli akatangaza serikali itanunua kilo kwa shilingi 3,300, jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Habari yenyewe hasa ilikuja baada ya pale: nani kalipwa, nani hajalipwa, nani kakwama kwenye uhakiki. Kuifuata kunataka ukae Tandahimba na Newala, ulale huko, uzungumze na mkulima mmoja mmoja, urudi tena. Nani anamlipia mtu hayo? Wakati huohuo mjini kuna semina hotelini, ina chakula cha mchana na posho ya kusaini. Mwenye watoto ataandika semina. Aliyepoteza hapo ni mama wa Newala mwenye stakabadhi yake mkononi, na sisi tunaokaa hapa tukijaza pengo kwa uvumi.

Na hatari, je? Tarehe 22 Mei 2013, bajeti ya Nishati iliposomwa bungeni na bomba la gesi kwenda Dar likathibitishwa, mji huu uliwaka kwa ghasia za kulipinga. Nyumba ya mwandishi wa habari ilikuwa miongoni mwa zilizochomwa. Aliyeko huku ndiye anayejulikana nyumba yake na sokoni anakonunua samaki. Kichwa cha habari kinapangwa Dar, hasira za watu zinamkuta yeye Mtwara.

Ukipanda basi la Dar, baada ya kuvuka Rufiji unapita Kibiti. Pale ndipo alipokuwa akifanya kazi Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyeliandikia Mwananchi habari za mauaji ya Kibiti na Rufiji. Tarehe 21 Novemba 2017 alimwambia mkewe anakwenda safari ya dharura, atarudi kesho. Hakurudi. Mkewe alikuwa mjamzito. Mwaka 2019 Waziri wa Mambo ya Nje aliiambia BBC kwamba Azory alitoweka na kufa, kisha akasema kauli yake imeeleweka vibaya. Hebu fikirini mke anayasikia yote mawili.

Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inakitaka chombo cha habari kiwawekee bima waajiriwa wake. Waajiriwa! Huyu wetu si mwajiriwa. Ila sheria hiyohiyo inapodai ithibati na kitambulisho, inamdai na yeye. Kwenye wajibu yumo, kwenye bima hayumo. Na aliyetaka kuachana nao afungue ukurasa wake mtandaoni, kanuni za mwaka 2018 zilimwekea leseni ya shilingi milioni 1. Kijana anayekopa bodaboda!

Mimi nawaambia wahariri, na wakipita hapa nitawaambia usoni: ukimtuma mtu mpakani, nauli itangulie kabla hajapanda pikipiki. Safari ilipwe hata kama habari haikutoka, maana kazi ameifanya. Akitaka jina lake litokee, liwekeni. Akiomba lifichwe kwa usalama wake, lificheni. Na kwenye daftari lenu kuwe na namba ya mtu wa nyumbani kwake, mkipigiwa simu usiku kwamba hajarudi, msianze kuulizana huyu ni wa nani.