Hewa Hatununui

"Shikamoo, mzee. Hewa hatununui."

Kijana wa mizani alitamka hayo kwa adabu zote, Jumamosi moja, mbele ya mama lishe, madereva wa bajaji na foleni nzima ya waokota makopo. Aliyeambiwa ni bwana mmoja wa Tabata, Dar es Salaam. Alikuwa amekodi bajaji kuleta viroba viwili vya chupa za maji na soda, zimeoshwa kwa sabuni, zimeanikwa juani, kisha zikafungwa vizibo vyake barabara, kila moja ikiwa nzima kama ilivyotoka dukani. Alitegemea kupongezwa. Badala yake viroba vikamwagwa chini, na kijana akaanza kuchambua kwa ncha ya kandambili.

Kikopo cha mtindi: pembeni. Dumu la mafuta ya kula, bado linateleza: pembeni. Kipande cha bomba jeupe la maji: pembeni, tena mbali, tena kwa kusonya. Zilizobaki akazifungua vizibo na kuzikanyaga moja baada ya nyingine, paa, paa, paa, watoto wakishangilia kila mlio, mpaka viroba viwili vikawa fungu la kubebwa kwapani.

Hesabu yake haina huruma. Chupa ya maji ya nusu lita ina uzito wa gramu 10 hadi 20 hivi, kwa hiyo kilo moja inataka chupa 50, pengine 100. Kiroba kinachoziba mlango wa bajaji kinaweza kisifikishe kilo mbili. Malipo hayakufika nusu ya nauli, na mwenye bajaji, aliyekuwa akisubiri kumrudisha mteja wake nyumbani, alishuhudia yote mpaka chenji.

Mama mmoja wa kwenye foleni, ambaye mzigo wake ulikuwa umetengwa kwa rangi, nyeupe huku, kijani kule, ndiye aliyemhurumia. "Ungeuliza kwanza, baba," akasema, kisha akamchambulia chupa ya maji palepale. Kumbe si kitu kimoja. Mwili wake ni plastiki aina ya PET, inayoyeyuka kwenye joto la nyuzi 250 na ushee. Kizibo ni plastiki nyingine kabisa, inayoyeyuka mapema sana, kati ya nyuzi 130 na 165. Ukiviyeyusha pamoja hupati chupa wala kizibo. Unapata uji usio na mnunuzi. Ndiyo maana vizibo vina mfuko wake na bei yake.

Na vile vinavyoponyoka? Hapo bwana huyu alisahau fedheha yake kwa muda. Kiwandani chupa husagwa vipande vidogo na kutiwa kwenye maji. PET ni nzito kuliko maji, inazama. Kizibo ni chepesi, kinaelea. Mtu anapitisha chujio juu, kazi imekwisha. Maji ndiyo yanayochambua, bila mshahara na bila kusonya. Tatizo ni lile bomba jeupe. Hilo ni PVC, nalo huzama pamoja na PET, maji hayalitambui. Likiingia kwenye tanuri huanza kuungua kabla PET haijayeyuka, linatoa tindikali ya hidrokloriki, na kiasi kidogo tu kinatosha kuharibu shehena nzima kwa madoa meusi. Lile sonyo, kwa hiyo, lilikuwa na msingi wa kikemia.

Kisa cha yote ni ile pembetatu ya mishale yenye namba inayochapwa kwenye kitako cha chombo. Bwana alikuwa amewatangazia watu wa nyumbani kwake kwamba chochote chenye pembetatu kinaingia kirobani. Lakini alama hiyo, iliyobuniwa Marekani mwaka 1988 na chama cha wenye viwanda vya plastiki, inataja aina ya plastiki tu: 1 ni PET, 3 ni PVC, 6 ni polistirini. Haiahidi kwamba kuna mtu atakayekuja kuichukua. Mishale inazunguka, kikopo cha mtindi kinabaki palepale.

Mengine ya mradi wake wa kutenganisha taka nyumbani yanasemeka upesi. Ndoo ya mboji ilizaa funza, mjumbe akaitwa. Betri za rimoti bado zimo kwenye kopo la maziwa juu ya friji. Chupa za bia zilirudi baa zikiwa kwenye kreti yake, zikapokelewa bila maneno, isipokuwa ya mkewe kuhusu idadi.

Lakini la lori la taka halichekeshi. Bwana aliweka getini mifuko mitatu iliyotengwa: maganda, karatasi, plastiki. Vijana wa lori wakairusha yote kwenye bodi moja, mmoja akapanda juu na kushindilia kwa miguu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazitaka mamlaka za serikali za mitaa zihakikishe taka zinatenganishwa pale zinapozalishwa. Bwana alitenganisha. Utengano wake ulidumu mpaka mlango wa lori.

Na inauma zaidi kufanyiwa hayo Tabata. Wakazi wa hapa waliliburuza Jiji mahakamani mwaka 1988 kwa ajili ya dampo lililokuwa likiwafukiza moshi, wakashinda. Taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani, wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani mwaka 1991, wakashinda. Zikaenda Vingunguti, kisha Mtoni, leo ni Pugu Kinyamwezi. Jiji limehamisha lundo lilelile kwa zaidi ya miaka 30, na wanaolipunguza kweli ni akina mama yule wa foleni, mikono mitupu, bila glavu, wakifukuzwa magetini kama wezi wa sufuria.

Siku hizi bwana anamwachia mama huyo kiroba chake kabla lori halijafika, vizibo mbali, chupa zimekanyagwa. Ada ya taka inalipwa vilevile kila mwezi, na risiti hutolewa. Risiti yenyewe ni ile karatasi laini ya mashine, iliyopakwa kemikali ili iandikwe kwa joto, na haifai kuchanganywa na karatasi nyingine.