Barua ya Wazi Kuhusu Farasi Wasiokula Majani

Kwa: Bodi ya Maendeleo ya Rwanda (RDB), wasimamizi wa michezo ya kubahatisha
Nakala: Mamlaka ya Mapato ya Rwanda (RRA)
Kutoka: Wachezaji wa kubeti, Gisenyi, Wilaya ya Rubavu

YAH: MAFUNZO YALIYOPATIKANA BAADA YA MBIO

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Ukumbi wa kubeti haukosi tangazo linalotutaka tucheze kwa kuwajibika. Sisi wa Gisenyi tumelitii kupita kiasi. Mbio ikiisha hatunyanyuki kwenda nyumbani; tunakaa kikao cha tathmini, na ni kikao makini kuliko vingi vya maofisini, kwa kuwa kila mjumbe ameingia na hasara yake mwenyewe mfukoni.

Mwenyekiti wetu ni mwalimu mstaafu mwenye daftari la hesabu. Safu ya kwanza anaandika namba ya farasi, ya pili odi, ya tatu tabia. Juzi, baada ya mbio kubwa ya jioni, aliandika kwamba namba 4 hapendi matope. Kijana mmoja wa Goma, anayevuka mpaka wa Petite Barrière kuja kununua nyanya, akapinga: namba 4 amechoka tu, maana amekimbizwa mara tatu ndani ya robo saa. Wakabishana, huyu kwa Kiswahili cha Goma, yule kwa Kinyarwanda, mpaka mama muuza samaki wa sambaza akachungulia mlangoni akauliza hayo matope yako wapi. Tukaitazama skrini. Jua kali, nyasi kavu. Mvua iliyokuwa ikinyesha ilikuwa ya kwetu, juu ya mabati.

Mwalimu hakufuta. Aliongeza alama ya kuuliza.

Tunajua fika kwamba farasi hao hawapo. Hawana mama, hawana zizi, hawajawahi kuugua tumbo. Programu ya kompyuta huchagua namba kwa bahati nasibu, kisha tunaonyeshwa katuni ya namba hiyo ikishinda. Yule anayepiga kelele "kaza, kaza!" anamhimiza mnyama ambaye mambo yake yalikwishaamuliwa. Hata hivyo hatujaona mahali palipoandikwa kwamba kuwajibika maana yake ni kujua hilo. Tumeambiwa tujifunze kutokana na makosa, nasi tunajifunza kwa bidii. Kama somo lenyewe halipo, hilo ni la mwenye shule.

Farasi wanaokula majani ni habari nyingine. Tarehe 7 Mei 2022, kwenye Kentucky Derby kule Marekani, farasi aitwaye Rich Strike aliingizwa mbioni siku moja tu kabla, baada ya mwingine kujitoa. Odi yake ilikuwa 80 kwa 1. Waliotangulia walifyatuka kama wanaokimbia deni: robo maili ya kwanza kwa sekunde 21.78, kasi ambayo Derby ilikuwa haijawahi kuiona. Pumzi zikawaishia. Mpanda farasi wa Rich Strike, Sonny Leon, aliyekuwa amejikalia nyuma, akapenya upande wa ndani akampita Epicenter, kipenzi cha wengi, karibu kabisa na mstari. Aliyeweka dola 2 akapokea 163.60. Hapo mtu ana cha kuandika daftarini: kasi ya mwanzo, pumzi, uvumilivu wa mpanda farasi. Hata Ngong, Nairobi, kwenye mbio za Jockey Club ya Kenya, mchezaji anaweza kumtazama mnyama akitembezwa kabla ya mbio, akakagua miguu na jasho. Bado anaweza kuliwa, lakini ataliwa na kitu chenye kwato.

Somo lililofika Gisenyi kutoka Kentucky lilikuwa moja tu: mwekee mnyonge. Habari kwamba Rich Strike hakushinda tena mbio yoyote baada ya ile haikutufikia. Pengine ilikwama forodhani.

Sasa tuje kwenye hesabu, ambako mwalimu hana mchezo. Chukueni mfano wa farasi sita wenye nafasi sawa, na skrini inalipa odi ya 5. Watu sita, kila mmoja na farasi wake na faranga zake 1,000: jumla 6,000. Mmoja anashinda, analipwa 5,000. Kampuni inabaki na 1,000. Ila tangu mageuzi ya kodi ya 2025, kampuni inatoa asilimia 40 ya pato ghafi la mchezo, badala ya 13 ya zamani. Hiyo ni 400. Mshindi naye anakatwa asilimia 25 ya faida yake, badala ya 15; faida ni 4,000, makato ni 1,000. Jumlisheni wenyewe: mshindi 4,000, kampuni 600, hazina ya serikali 1,400.

Kwa hiyo aliyeshika nafasi ya pili ni serikali, mbele ya kampuni yenye kulipa umeme, pango, mlinzi na feni mbili ambazo moja imekufa. Hatulalamiki, tunapongeza. Huyu ndiye farasi pekee katika daftari la mwalimu ambaye safu yake ya tabia ina neno moja: hakosi. Tunasikia pia kwamba kodi ilipandishwa ili watu wapunguze kucheza. Ni nia njema. Lakini tukitii sote Jumatatu, Jumanne hiyo 1,400 mtaitoa wapi? Sisi tumeona tusiwaingize hasara.

Kuna suala dogo la Arsenal. Ninyi mnaosimamia kubeti ndio mlioandika Visit Rwanda kwenye mkono wa jezi yao mwaka 2018. Nani hapa mjini angedhani kwamba hamna taarifa za ndani? Tukawafuata. Mwaka 2023 wakamaliza wa pili kwenye ligi, 2024 wa pili, 2025 wa pili. Kwenye farasi huo si msiba. Ukibeti nafasi badala ya ushindi, wa pili anakulipa. Sisi tulibeti ubingwa, kwa uzalendo.

Tuna pendekezo. Tangu 2005 nchi hii ina Kwita Izina, na karibu kila mwaka watoto wa sokwe wa milimani wanapewa majina mbele ya wageni waheshimiwa. Farasi wa Rubavu nao wanachangia pato la taifa, tena hawahitaji msitu wala walinzi, lakini mpaka leo wanaitwa moja, mbili, tatu. Tunaomba wapewe majina, na majina tunayo tayari, kila mmoja aitwe kwa jina la kazi ambayo pesa yake ilikuwa imepangiwa. Msikilizeni mtangazaji: "Wametoka! Ada ya Muhula wa Pili amechelewa langoni. Kodi ya Nyumba anateleza kwenye kona, loo, Kodi ya Nyumba yuko chini! Mtaji wa Nyanya anaongoza, Mtaji wa Nyanya peke yake, Mtaji wa Nyanya... kapitwa na Mahari! Na Mahari naye hakuwekewa na mtu." Watazamaji wangeelewa mbio vizuri zaidi, na mwalimu angepumzika na safu ya tabia.

La mwisho ni ombi la kiofisi, na hapa tunaomba RRA wasome nakala yao. Kwa kuwa hazina inashiriki asilimia 25 ya faida yetu, tunaomba ishiriki kiwango hicho hicho kwenye hasara. Utaratibu hauwezi kuwashinda. Tayari mnamrudishia mnunuzi asilimia 10 ya VAT akidai risiti ya mashine ya EBM. Sisi risiti hatuhitaji kuzidai, zimetapakaa sakafuni, na anayefagia ukumbi amekubali kutuwekea kwenye gunia badala ya kuzichoma.

Fomu ikiwa tayari, tafadhali ileteni hapa ukumbini. Nyumbani bado hawajajulishwa kwamba kuna hasara.

Ni sisi wenu watiifu,

Wajumbe wa Kikao cha Tathmini
Gisenyi