Dania Iliyochanua na Tokeni ya Saa Mbili Usiku

Nyumba za mtaa wa Buruburu, Nairobi, zilijengwa kwa awamu tano kuanzia miaka ya 1970, na nyingi zilipewa kipande cha ua ili mwenyewe apande maua. Wengi wakapanda vyumba. Leo pale palipostahili kuwa na mawaridi pana kinyozi, duka la dawa na chumba cha kupangisha. Mwandishi wa makala haya hakuwa na hela za mawe, hivyo akabaki na ua wake: eneo la ukubwa wa godoro la futi nne kwa sita, na heshima yote aliyo nayo mtaani.

Heshima hiyo aliiweka kwenye bogenvilia. Aliinunua kwa muuza miche wa kando ya barabara, zambarau iliyokolea, akaiegemeza ukutani, akavuta kiti kungoja nyuki waje kwenye maua. Nyuki wakapita juu kwa juu kama matatu iliyojaa. Bogenvilia ni tapeli mstaarabu: ile rangi inayowatoa watu macho ni majani tu, matatu matatu, yaliyojipamba. Ua lenyewe ni kale kamrija keupe kalikojificha katikati. Philibert Commerson, mtaalamu wa mimea, aliukuta mmea huu Brazili mwaka 1767 akiwa katika msafara wa Mfaransa Louis-Antoine de Bougainville, akaupa jina la mkubwa wake. Kujipendekeza kwa mabosi ni hulka ya bogenvilia tangu zamani.

Binamu ya mkewe anayeishi Uingereza akamhurumia, akamletea pakiti ya mbegu za maua ya kiangazi. Juu yake palikuwa na picha ya nyuki mnene mwenye manyoya, kama mtu aliyevaa sweta. (Nyuki wa jamii hiyo haishi kiasili Afrika kusini mwa Sahara, lakini picha ilitia moyo.) Maagizo yalisema: panda kati ya Machi na Mei. Mwandishi ni mtu wa kufuata maagizo. Akapanda Machi, na kila Mnairobi anajua mvua ndefu hufanya nini mwezi wa Aprili. Udongo ulipita chini ya geti na mbegu zake, ukaingia mtaroni. Mwezi wa Juni maua ya Uingereza yakachipuka mbele ya kinyozi wa jirani, na wateja wakampongeza kinyozi kwa kupendezesha mtaa.

Ila aibu kamili aliipata kwa dania.

Nyuma ya jikoni alikuwa na beseni lililopasuka, na humo alimwaga mbegu za dania kwa ajili ya kachumbari. Joto la Januari lilipokaza, dania ikafanya inavyofanya kila joto likizidi: ikaacha majani, ikarefusha mashina, ikachanua maua meupe madogo kama unga uliomwagika. Mkewe akasema, "Baba watoto, ng'oa hiyo kitu, haina ladha tena." Kabla hajaing'oa, nyuki wakafika. Ikifika saa nne asubuhi beseni lilikuwa likinguruma. Ua la dania liko wazi, asali yake haijafichwa ndani ya mrija, na kila mdudu mwenye ulimi, mrefu au mfupi, anajihudumia. Bogenvilia ya bei mbaya ilikuwa hatua tatu tu kutoka hapo, na hakuna aliyeisalimia.

Fuata nyuki ule asali, walisema wahenga. Februari, Jumamosi mchana, nyuki ndio waliomfuata mwandishi. Kundi zima lilishuka kutoka angani kama moshi unaorudi nyuma, likaingia kwenye kisanduku cha mita ya stima. Nyuki wetu hawana makuu, uwazi mdogo unawatosha. Baadhi ya ndugu zao walisafirishwa kutoka Afrika hadi Brazili mwaka 1956 na mtafiti Warwick Kerr. Mwaka uliofuata makundi yakatoroka, na kufikia 1990 kizazi chao kilikuwa kimevuka mpaka na kuingia Texas. Huko Arizona wanajulikana kwa kuhamia visanduku vya mita za maji. Inaonekana mita ni ugonjwa wa ukoo.

Majirani walikuja na ushauri. Mmoja alisema mafuta ya taa, mwingine maombi. Kinyozi alimvuta pembeni, akamnong'oneza kwa upole, "Mzee, rudisha tu hiyo kitu ya wenyewe." Kwetu nyuki wakimwandama mtu hadharani, swali la kwanza ni ameiba nini.

Siku ya tisa stima ikaisha. Tokeni ilinunuliwa kwa simu dakika hiyohiyo. Kazi ilikuwa kuziingiza tarakimu 20 kwenye mita, na juu ya vitufe nyuki walikuwa wananing'inia kama kilemba. Saa mbili usiku mwandishi alitoka amejifunga neti ya mbu na kuvaa glavu za kuoshea vyombo, simu mkononi. Nyuki gizani huwa hawapendi kuruka, lakini hutambaa kufuata mwanga, na mwanga uliokuwepo ni simu yenye tokeni. Ikabidi mkewe aichukue, amsomee namba kupitia dirisha la jikoni.

"Tatu, tatu, nne..."

"Nne ama nane?"

"Nne! Ama ngoja... nane."

Mita ikakataa. Aliporudia, nyuki mmoja alikuwa amepata njia ndani ya neti, akamchoma sikio. Nyuki akichoma huacha mwiba na kifuko cha sumu, na pamoja navyo harufu inayowaita wenzake, harufu inayofanana na ya ndizi mbivu. Mwandishi aliisikia waziwazi, akadhani kuna mtu anakula ndizi huku yeye anakufa. Tarakimu tatu za mwisho alizibonyeza akiwa amefumba macho. Taa zikawaka, na mtaa mzima ukamwona katika neti.

Kesho yake jioni mrina asali alifika. Aliwapulizia moshi, nao unapoteza ile harufu ya hatari na kuwafanya nyuki wajaze matumbo asali kama watu wanaokimbia nyumba inayoungua. Alitumia tochi iliyofungwa karatasi nyekundu, maana nyekundu nyuki hawaioni, akamtoa malkia na wafuasi wake, akawafungia kwenye boksi na kuondoka nao kwa boda boda. Inasemekana kwenye foleni ya Jogoo Road hakuna aliyemsogelea.

Dania imeachwa ikomae, kwa amri ya mkewe. Kisanduku cha mita bado kinanukia nta, na kitufe cha nane kilipakwa gundi ya nyuki hadi kinanata, kwa hiyo kila anaponunua stima mwandishi huisoma tokeni upesi, akiomba isiwe na nane.